Magari yanayokimbizwa mitaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila wakazi wanapokutana na kuzungumzia magari na pikipiki zinazopita mtaani kwa kasi: kwenye mkutano wa mtaa, msibani, nje ya geti la shule. Majibu yanaangalia zaidi mitaa ya Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania. Walioko Kenya waanzie swali la 22, kisha warudi juu, maana mengi ni yale yale.

## Mambo ya msingi

1. Mwendo halali mtaani ni upi?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya maeneo yenye makazi, isipokuwa pale penye kibao kinachotaja mwendo mwingine. Wapo madereva wanaoamini kuwa pasipo kibao hapana kikomo. Hilo si kweli. Kibao kinaweza kushusha mwendo hadi 30, lakini kukosekana kwake hakumpi mtu ruhusa ya kwenda 70.

Na 50 ni mwisho tu. Hakuna aliyeagizwa kuifikia. Sheria hiyo hiyo inamtia hatiani anayeendesha kizembe au kwa namna ya hatari. Anayepita kwa 45 kwenye uchochoro wa mita nne, watoto wakiwa ndiyo kwanza wanatoka shule, hawezi kujitetea kwa kusema hakuvuka 50.

2. Kama sheria inasema 50, kwa nini tunadai 30?

Kwa sababu ya kinachotokea mtoto anapochomoka nyuma ya genge la mboga akifuata mpira.

Tuchukue dereva makini, breki nzima, barabara kavu. Tangu amwone mtoto mpaka mguu ufike kwenye breki hupita kama sekunde moja. Gari lenye mwendo wa 30 husafiri mita 8 katika sekunde hiyo, kisha husimama baada ya mita 5 hivi; jumla mita 13. Gari lenye mwendo wa 50 husafiri mita 14 kabla breki haijaanza kushika. Maana yake, pale ambapo la kwanza limeshasimama kabisa, la pili bado liko kwenye 50 kamili.

Nguvu ya kugonga nayo haipandi sawasawa na mwendo. Kutoka 30 hadi 50 inakaribia kuongezeka mara tatu. Kugongwa kwa 30 ni sawa na kuanguka kutoka mita tatu na nusu, yaani juu ya paa la nyumba ya chini. Kugongwa kwa 50 ni kuanguka kutoka karibu mita 10, kimo cha mnazi. Wa kwanza anavunjika na mara nyingi anapona. Wa pili, hasa akiwa mtoto au bibi, tunamwombea.

Hili halitoki kwetu peke yetu. Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotoka kwenye mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, lilitaka kikomo cha 30 mahali ambapo watembea kwa miguu na waendesha baiskeli wanachangamana na magari. Mji wa Graz, Austria, ulishaanza tangu 1992.

3. Kabla ya lami hatukuwa na shida hii. Imekuwaje?

Swali hili linaulizwa sana kwenye mitaa iliyopata barabara kupitia DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar es Salaam, huko Temeke, Kinondoni na Ilala, na ndilo swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu.

Barabara yenyewe humwambia dereva aende mwendo gani. Ile ya zamani yenye mashimo, madimbwi na mchanga ilikuwa inamwambia: taratibu, utavunja springi. Ikaja lami pana, iliyonyooka mita mia tatu mbele, mitaro ikafunikwa, taa zikawekwa. Sasa inamwambia: nyoosha mguu. Madereva ni wale wale. Kilichobadilika ni ujumbe wanaopewa na barabara.

Ndiyo maana mahubiri peke yake hayatoshi. Mnaweza kumshawishi dereva mmoja leo, kesho wakapita mia wengine wasiomjua mhubiri wenu. Umbo la barabara huwepo usiku na mchana, mvua na jua, na humhubiria kila anayepita. Lami ilikuwa neema: vumbi limepungua vifuani mwa watoto na mgonjwa anafika hospitali. Tatizo ni lami iliyokuja bila kitu cha kuitia breki.

4. Hawa wanaokimbiza ni akina nani? Si watu wa kupita tu?

Wapo wanaokatisha mtaani kukwepa foleni ya barabara kuu, na hao kweli huwa na haraka. Lakini kaeni kibarazani saa moja asubuhi mkahesabu, mtayatambua magari mengi: la mwalimu wa nyumba ya tatu, la kijana wa duka la vifaa vya ujenzi, na pengine lililotoka kwenye geti lako mwenyewe. Ni uchungu kulikubali, ila pasipo kulikubali mkutano wa mtaa huishia kuwalaumu wasiokuwepo.

Inasaidia kuonyeshana hesabu. Mtaa wenye urefu wa mita 800 unapitwa kwa sekunde 96 ukienda 30, na kwa sekunde 58 ukienda 50. Anayekimbia anaokoa sekunde 38, halafu anazimalizia zote kwenye foleni akisubiri kuingia barabara kuu.

## Kupima kabla ya kulalamika

5. Tunawezaje kujua mwendo wa magari bila tochi ya trafiki?

Mnahitaji futikamba, chokaa na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Chagueni kipande kilichonyooka, mbali na kona. Pimeni mita 50, wekeni alama ya chokaa kila upande. Gari likigusa alama ya kwanza anza kuhesabu, likigusa ya pili simamisha. Gawanya 180 kwa sekunde ulizopata, utapata kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni 30. Sekunde 4.5 ni 40. Sekunde 3.6 ni 50. Sekunde 3 ni 60, na hapo mko kwenye hatari kubwa.

Msivae vizibao vya kung'aa, wala msisimame kundi. Madereva wakiwaona watapunguza, na kipimo kitakuwa cha uongo. Aketi mmoja mwenye simu na mwingine mwenye daftari, kama watu wanaosubiri bodaboda. Pimeni nyakati tofauti: asubuhi, shule inapotoka, na usiku baada ya saa tatu barabara ikiwa tupu. Magari yasipungue 100.

Kisha pangeni mwendo wa magari 100 kutoka mdogo hadi mkubwa, mwangalie wa 85. Huo ndio mwendo ambao wahandisi hupenda kuutazama, kwa sababu unaonyesha namna watu wengi wanavyoitumia barabara na kuwaweka kando wale vichwa maji wachache. Daftari hili litafanya kazi kubwa kwenye swali la 11.

## Matuta na mengineyo

6. Tumechoka. Tunaruhusiwa kujiwekea tuta wenyewe?

Hapana, na naomba muisome sababu mpaka mwisho, kwa kuwa najua hasira inayowafikisha watu huko.

Barabara ina mwenyewe kisheria. Ya mtaa kwa kawaida iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini uliozinduliwa Julai 2017. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Kuweka kitu barabarani bila idhini yao ni kosa, hata kama nia ni njema.

Lakini sheria ndiyo sababu ndogo. Kubwa ni hii: matuta ya kujiwekea huwa mafupi na yenye ncha, tairi la zamani lililozikwa nusu, gogo, zege la ndoo mbili, au kifusi kilichomwagwa jioni. Hayapakwi rangi. Mwenye gari kubwa anayapita bila kuyasikia. Anayeumia ni wa bodaboda aliyembeba mama mjamzito saa sita usiku, pasipo taa. Tuta lililokusudiwa kumlinda mtoto wa nyumba hii linamwangusha mtoto wa nyumba ile. Likija kesi, watatafutwa walioliweka, na mtaa wote utasema haukuwepo.

Mvua za masika nazo zina neno lao. Tuta lisilo na njia ya maji hugeuka bwawa, maji yakaingia kwenye nyumba za chini, na ugomvi wa mwendo ukawa ugomvi wa majirani.

7. Tuta zuri likoje?

Ni refu na la mviringo. Kipimo kilichotokana na utafiti uliofanywa Uingereza miaka ya 1970 ni tuta lenye urefu wa takriban mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari, na kimo kisichozidi sentimita 10. Ukilipita kwa 25 au 30 gari linapanda na kushuka kwa upole. Ukilipita kwa 50 linakurusha. Tuta fupi lenye ncha lina tabia mbaya: linamtesa hata anayekwenda 15, na mwenye gari refu akigundua kuwa kulipita kwa kasi kunaumiza kidogo kuliko kulipita polepole, ndiyo anazidisha.

Tuta moja halitulizi mtaa. Dereva hulipita polepole, halafu anakanyaga mafuta kufidia. Yanatakiwa yafuatane kwa umbali wa kama mita 60 hadi 100, na la kwanza liwe karibu na mahali gari linapoingia mtaani, kabla halijashika kasi. Lisiwe kwenye kona, wala mara tu baada ya mteremko ambapo dereva haoni mbele.

Linatakiwa lipakwe rangi, liwe na kibao kabla yake, na liangaziwe na taa usiku. Rangi hufutika. Mkiomba tuta, ombeni na mpango wa kulipaka upya. Tuta lililofifia ni mtego kama lile la swali la 6.

8. Rasta je? Mbona ni rahisi zaidi?

Rasta, ile mistari myembamba inayotetemesha gari, kazi yake ni kumwamsha dereva wa masafa marefu kwamba mbele kuna jambo. Huko zinaokoa watu. Kwenye makutano ya Suhum, barabara ya Accra kwenda Kumasi nchini Ghana, ajali zilipungua kwa takriban theluthi baada ya rasta kuwekwa, na vifo vilipungua zaidi ya hapo.

Mtaani zina kelele. Kila gari linalopita saa nane usiku linagonga kama ngoma, na dereva anayezizoea anagundua kuwa ukizidisha mwendo mtetemo unapungua. Kwa mitaa ya makazi, tuta refu linafaa kuliko rasta.

9. Kuna njia nyingine mbali na matuta?

Zipo, na baadhi ni bora. Ninayoipenda kuliko zote ni kivuko kilichoinuliwa: tuta pana lililo bapa juu, lenye michoro ya pundamilia, usawa mmoja na njia ya waenda kwa miguu. Gari ndilo linalopanda kwenye njia ya watu, badala ya watu kushuka kwenye njia ya magari. Mzee mwenye mkongojo na mtu wa kiti cha magurudumu wanavuka bila kushuka wala kupanda ukingo. Asiyeona atahitaji ukingoni vitofali vyenye vinundu vya kuhisi kwa mguu, ajue njia imeishia wapi. Vikumbukwe tangu kwenye mchoro.

Barabara kubanwa pia kunasaidia. Lami ya mita saba mtaani inamkaribisha mtu kukimbia. Ikibanwa kwa njia ya miguu, miti au nguzo fupi, magari mawili yanapishana kwa kutazamana. Kona zikikazwa, gari haliwezi kuingia mtaani kwa kufagia. Mahali ambapo tatizo ni wakwepa foleni, njia ya mkato inaweza kufungwa upande mmoja kwa nguzo, pikipiki, baiskeli na waenda kwa miguu wakaendelea kupita.

Nguzo za plastiki na rangi ni njia rahisi ya kujaribu kabla ya kumwaga zege, lakini hata hizo ziwekwe na mamlaka au kwa idhini yake.

10. Mtaa wetu bado ni wa vumbi. Tufanyeje?

Barabara ya moramu inajipunguzia mwendo yenyewe mpaka greda lipite. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari. Tuta la udongo halidumu, masika yanaliondoa. Tuta la zege juu ya moramu nalo huchimbwa mbele na nyuma na matairi, likabaki kama ukuta katikati ya mashimo mawili. Panapowezekana, kipande cha zege cha mita kadhaa kilichoshikana na mitaro, chenye tuta juu yake, ndicho kinachokaa. Kisipowezekana, nguvu ziende kwenye maswali ya 14 hadi 17, na kwenye kuhakikisha mchoro wa lami ukija unakuja na matuta ndani yake. Kuyaongeza baadaye ni safari ndefu.

## Kuomba na kufuatilia

11. Tuanzie ofisi gani?

Anzieni kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Ombeni suala liwe ajenda ya mkutano wa wakazi, na lijadiliwe hasa, likaandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari wenye mahudhurio na saini una uzito kuliko kundi la watu watano wanaofika ofisini wakiwa na hasira.

Barua iende kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, ikipitia kwa Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata, nakala kwa Diwani na kwa ofisi ya usalama barabarani ya polisi wilaya. Iwe ukurasa mmoja. Itaje jina la barabara na kipande chenyewe, kutoka wapi hadi wapi. Itaje shule, zahanati, msikiti, kanisa au soko lililopo. Itaje ajali mnazozijua kwa tarehe. Iambatishwe na vipimo vya swali la 5. Wahandisi wanapokea barua nyingi zinazosema "magari yanakimbia sana". Yenye kusema kwamba kati ya magari 100, 60 yalizidi 50 mbele ya shule saa saba mchana, inamlazimu mtu kuinuka akaangalie.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mipango hukusanywa miezi mingi kabla. Barua ya Oktoba ina nafasi kuliko ya Mei. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

12. Tumeandika, hakuna jibu. Au tumejibiwa kuwa hakuna bajeti.

Rudini na nakala yenye muhuri, kila mwezi, mtu yule yule. Mwombeni Diwani alilete swali kwenye vikao vya halmashauri. Hiyo ni kazi yake. Ombeni mhandisi aje mtembee naye mtaani saa shule inapotoka, maana kuona mara moja kunazidi barua tatu.

Jibu la kukosa bajeti lisifunge mazungumzo. Ulizeni kinachowezekana kwa sasa: kibao cha 30, kupaka upya kivuko kilichofutika, tuta moja mbele ya shule badala ya matano. Wakazi wanaweza kuchanga vifaa huku TARURA ikitoa vipimo na usimamizi, ila kibali kiwe cha maandishi. Mtaa mmoja ninaoufahamu ulichanga, ukanunua saruji, ukaambiwa kwa mdomo tu "endeleeni". Miezi michache baadaye tuta likavunjwa na hapakuwa na karatasi ya kuonyesha.

13. Shule yetu iko pembeni ya barabara kubwa ya TANROADS. Ni tofauti?

Mwenye barabara ni tofauti, kwa hiyo barua iende kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa. Hoja ni ile ile, na mfano wa kuutaja mnao hapa hapa nyumbani. Shirika la Amend lilianzia Dar es Salaam mpango uitwao SARSAI wa kuboresha maeneo ya shule zenye watoto wengi wanaogongwa: vivuko, matuta, njia za miguu, vibao, kuhamisha geti likatazama upande salama. Tathmini ilionyesha majeruhi walipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mpango huo ulikuwa wa kwanza duniani kupewa tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Kuhamisha geti ni jambo la kulifikiria kwa makini: linaweza kufanywa na kamati ya shule bila kusubiri barabara ijengwe upya.

## Watu wanaoendesha

14. Bodaboda hazisikii tuta; zinapita pembeni. Tufanye nini?

Tuta lisiache pengo kubwa pembeni zaidi ya lile la maji. Lakini dawa ya bodaboda iko kijiweni. Kila kijiwe kina mwenyekiti na utaratibu wake, na vijana wale wanaujua mtaa kuliko mtu yeyote. Wasiitwe ofisini kama watuhumiwa. Waendeeni kijiweni asubuhi kabla ya pilika, mkiwa na mtu mzima wanayemheshimu. Wengi wana watoto kwenye shule ile ile. Mkikubaliana kuwa kipande fulani ni cha mwendo wa taratibu, wao ndio watakaombana mwenzao, na mwenyekiti wa kijiwe ana nguvu ya kumsimamisha kazi siku mbili ambayo Mtendaji hana.

Upande wetu abiria pia tuna neno la kusema. Unayemwambia kijana "niwahishe" umeshamnunulia mwendo.

15. Na daladala, malori ya mchanga na maboza ya maji?

Daladala iliyoacha njia yake ikakatisha mtaani inakiuka masharti ya leseni yake. Andikeni namba ya gari, njia iliyoandikwa ubavuni, siku na saa, mpeleke LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu. Kwa malori, tafuteni anayeyaita: mara nyingi ni ujenzi mmoja mkubwa, au kisima kimoja kinachouza maji. Mwenye mradi ana anwani na ana cha kupoteza. Zungumzeni naye kuhusu saa za kupita na mwendo. Ombeni pia kibao cha kikomo cha uzito, maana lori lililozidi linaua lami kabla halijaua mtu.

16. Anayekimbiza ni jirani yangu. Nitamwambiaje?

Faragha, na siyo siku aliyokukera. Kumfokea akiwa kwenye usukani mbele ya watoto wake kunamfanya atetee heshima yake, siyo afikirie mwendo wake. Mfuate jioni, msalimie ipasavyo, muulizane habari za nyumbani. Akiwa amekuzidi umri, "shikamoo" yako isiwe na kinyongo ndani. Kisha sema kitu kimoja mahsusi: "Mzee wangu, wajukuu wanatokea pale kwenye uchochoro kufuata mpira, nami nahofia siku moja hutawaona." Ukiona ni mgumu kwako, mpitie mjumbe, au mtu anayeswali au kusali naye.

Picha ya gari lake kwenye kundi la mtaa au mitandaoni msiipeleke. Inaleta uadui, na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba za magari zipelekwe polisi.

17. Vibao vya "Punguza mwendo, watoto wanacheza" vinasaidia?

Kidogo, kwa wiki chache. Jicho huvizoea. Vina maana pale vinapoambatana na kitu cha kuhisi kwa tairi. Kuhusu kurusha mawe, kuweka misumari au kumshusha dereva kwa nguvu: ni jinai, na dereva aliyeogopa hukanyaga mafuta.

18. Tumwombe trafiki aje na tochi?

Ombeni, hasa kwa kipande chenye vipimo vibaya. Aliyepigwa tochi atalipa faini, na habari zitaenea. Lakini trafiki mmoja hawezi kukaa mtaani kwenu kila siku. Madereva wakimulikiana taa kwamba yupo, watapunguza mita mia mbili kisha warudie. Tumieni tochi kama msaada wa muda wakati mkisubiri tuta. Siku za kawaida Polisi Kata ndiye mtu wenu wa karibu.

## Hali za pekee

19. Tuta liko mbele ya nyumba yangu. Ukuta unapata nyufa na silali.

Malori yakiruka tuta usiku, kelele na mtetemo ni vya kweli, na mwenye nyumba asipuuzwe kwa sababu wengine wamefurahi. Mara nyingi kosa ni umbo: tuta fupi, au lililowekwa peke yake baada ya kipande kirefu cha kukimbia. Kulirefusha, au kuongeza jingine kabla yake ili magari yafike taratibu, hupunguza kishindo. Kulisogeza mbele ya kiwanja kitupu kunawezekana pia. Piga picha za nyufa zikiwa na tarehe, uandike kama swali la 11.

20. Ambulensi na zimamoto zitachelewa?

Kila tuta huchelewesha kwa sekunde chache, na kwa mgonjwa aliyevunjika mgongo kila mruko ni mateso. Kwenye njia ya kwenda hospitali au zahanati ombeni matuta yaliyogawanywa vipande: magari mapana huyapitisha katikati ya matairi yake, madogo hulazimika kupanda. Vivuko vilivyoinuliwa navyo ni vya upole zaidi.

21. Mtoto amegongwa mtaani sasa hivi. Tufanye nini?

Zuieni magari mengine pande zote mbili kwanza. Msimnyanyue mtoto kwa mikono na miguu; kama anapumua na hayuko kwenye hatari nyingine, ashikwe kichwa na shingo visitikisike mpaka apatikane wa kumbeba kwenye ubao. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi. Piga 112.

Dereva analazimika kisheria kusimama, kusaidia na kutoa taarifa polisi. Mlindeni asipigwe. Akipigwa atakimbia, na yule aliyekuwa karibu akiwa na gari la kumwahisha mtoto hospitali atakuwa ametoweka. Andikeni namba ya gari, pigeni picha ya mahali lilipo na muulizeni dereva kampuni yake ya bima, kwa maana fidia ya aliyegongwa hutokana na bima, hata ile ndogo ambayo kila gari lazima liwe nayo. Kituoni atachukuliwa PF3, fomu namba tatu ya polisi. Mtu mmoja aende na mtoto, mwingine polisi.

22. Niko Kenya. Nini kinabadilika?

Kikomo cha kilomita 50 kwenye makazi ni kile kile. Barabara za mijini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, au serikali ya kaunti, kwa hiyo barua inaenda huko, nakala kwa MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) na chifu. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 zinapanda na kosa: ukizidisha kwa kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni shilingi 3,000, na 16 hadi 20 ni shilingi 10,000 za Kenya. Vipimo vya swali la 5 na umbo la tuta la swali la 7 havijui mpaka.

23. Tuta limewekwa, mbona bado wanakimbia?

Pimeni tena, mahali pale pale, saa zile zile. Pengine mwendo umeshuka kutoka 55 hadi 35 na masikio yenu hayajazoea. Pengine umeshuka kwenye tuta na kupanda katikati. Hapo linahitajika jingine. Pengine magari yamehamia mtaa wa nyuma, na majirani wa huko sasa wanaishi mlivyokuwa mnaishi ninyi. Wapelekeeni daftari, futikamba na nakala ya barua yenu.